Mota ya Mlango wa Banda la Gari: Kabla ya Kulipia, Uliza Umeme Ukikatika Utatokaje



Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Vijana kadhaa mmeniuliza, "Bwana shamba, ninunue mota gani ya mlango wa banda la gari?" Swali hili ni la biashara kabisa. Ukishapata pikapu, banda la gari nyumbani linageuka stoo ya makreti, mizani na pampu ya kupulizia, na usiku wa kuamkia siku ya soko mzigo wenyewe unalala humo. Mlango ukigoma, soko linakupita.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Kijana mmoja wa nyanya katika eneo langu alifunga rola shata, ule mlango wa vipande vya chuma unaojiviringisha juu, na mota yake ikawa inatumia umeme wa ukutani. Fundi nilimwelekeza mimi. Usiku mmoja alipakia matenga, akafunga mlango, akalala. Saa tisa usiku umeme ukakatika. Akanipigia: "Bwana shamba, nimefungiwa nje ya gari langu mwenyewe."

Mota ile ilikuwa na mnyororo wa kuinulia mlango kwa mkono. Tatizo ni kwamba mnyororo ulikuwa ndani, na banda halikuwa na mlango mwingine. Grainda ya kukatia chuma nayo inataka umeme. Mwishowe tulitoa bati mbili juu, kijana mmoja mwembamba akashuka kwa kamba na kuvuta mnyororo. Kazi ya dakika tano, ila ilikuwa saa mbili asubuhi tayari. Matenga yalifika sokoni wachuuzi wameshanunua, akauza kwa karibu nusu ya bei aliyoitarajia.

Mota haikuwa mbovu. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza, "umeme ukikatika tutaingiaje?" Kwa hiyo tuanze na swali hilo.

1. Njia ya kufungua kwa mkono

Kila mota inayofaa ina namna ya kuiachanisha na mlango ili ufungue kwa mkono: mnyororo, kamba ya kuvuta au ufunguo. Mwambie muuzaji akuonyeshe, halafu ujaribu wewe mwenyewe.

Kama banda lina mlango huo mmoja tu, chagua moja kati ya haya: weka mlango mdogo wa pembeni wenye kufuli, au nunua mota ambayo kifaa chake cha kuiachanisha kinafunguliwa kwa ufunguo ukiwa nje. Ufunguo huo usiutundike ndani ya banda. Mnacheka, lakini ndivyo watu wanavyofanya.

2. Mota ifuate mlango ulio nao

Rola shata inataka mota ya kuzungusha bomba la juu. Mlango wa kusukuma pembeni unataka mota ya chini yenye gia inayoshika reli ya meno. Mlango wa mabawa mawili unataka mikono miwili, mmoja kwa kila bawa. Ule wa vipande vipana unaopanda na kulala chini ya dari unataka mota ya darini, ya mnyororo au ya mkanda. Ya mnyororo ina kelele zaidi, kwa hiyo kama juu yake kuna chumba cha kulala, mkanda ni bora.

Kabla ya kununua, jaribu mlango bila mota. Wa pembeni uweze kuusukuma kwa mkono mmoja. Wa kupanda darini, wenye springi, ukiuinua hadi nusu ukauachia taratibu, ubaki hapo hapo. Ukianguka au ukipaa, springi hazijakaa sawa. Muite fundi, usizifungue mwenyewe, maana zimebeba nguvu ya kuvunja mkono. Mlango mzito au uliopinda haurekebishwi kwa mota kubwa. Utaiua tu hiyo mota.

3. Piga hesabu ya uzito

Usikubali jibu la "hii inabeba mlango wowote". Hesabu ni nyepesi: bati la chuma la unene wa milimita 1 lina uzito wa takriban kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba.

Tuchukue mlango wa kusukuma wenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4. Eneo ni mita za mraba 7.2. Bati likiwa la milimita 1.5: 7.2 × 7.85 × 1.5 = kilo 85 hivi. Fremu ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 2, ina takriban kilo 3 kwa mita. Mzunguko ni mita 10.8, na vyuma viwili vya kukatiza ni mita 6, jumla mita 16.8, yaani kilo 50. Ongeza magurudumu, kufuli na rangi, uko kwenye kilo 150.

Kanuni yangu: chukua mota iliyoandikwa angalau mara mbili ya uzito huo. Hapa ni kilo 300 kwenda juu. Reli ikijaa mchanga, kazi ya mota inaongezeka, na mashambani mchanga haukosekani. Kwa rola shata, vipande vimekunjwa na vinabeba chuma kingi kuliko bati lililonyooka, hivyo muombe aliyeutengeneza akupe uzito wake.

Angalia pia mota inaruhusiwa kufanya kazi mara ngapi kwa saa. Mota nyingi za rola shata zina kinga ya joto. Siku ya mavuno ukifungua na kufunga mfululizo, zinajizima mpaka zipoe.

4. Betri na sola

Mota ya volti 12 au 24 yenye betri yake inakufaa kuliko ya umeme wa ukutani peke yake. Lakini betri nayo ina mahesabu. Tuseme mota ya volti 12 inakula ampea 10 inapofanya kazi, na kufungua pamoja na kufunga ni sekunde 40. Hiyo ni kama ampea-saa 0.11 kwa safari moja. Safari 20 kwa siku ni 2.2. Kile kipokezi cha rimoti kinakula usiku na mchana. Kikivuta milimpea 50, kwa siku ni 1.2. Jumla ampea-saa 3.4.

Betri ndogo ya ampea-saa 7, zile za asidi, haipendi kushushwa chini ya nusu. Maana yake una siku moja tu. Ukitegemea sola, weka betri ya ampea-saa 18 ili uvuke siku kadhaa za mawingu, na paneli ya wati 20 au zaidi. Namba za mota yako zimo kwenye karatasi yake, weka hizo badala ya za kwangu.

Ukiamua kuwasha jenereta, iwe nje. Moshi wake ndani ya banda lililofungwa unaua, tena kimya kimya.

5. Watoto na mifugo

Nyumbani kwa mkulima kuna watoto, mbuzi na kuku, na mlango unaojishusha hauoni. Nchini Marekani, mota za milango ya gereji za nyumbani zilizotengenezwa tangu 1993 zinalazimika kuwa na kinga ya kuzuia mtu kubanwa: mlango ukigusa kitu unarudi juu, na kwa kawaida kuna macho mawili ya mwanga karibu na sakafu, yasiyozidi sentimita 15 kutoka chini. Mota nyingi za bei rahisi za rola shata hazina kabisa. Uliza, na kama macho yanauzwa pembeni, yanunue.

Kila mwezi laza ubao wa unene wa inchi moja na nusu sakafuni, kisha funga mlango wa kushuka. Ukigusa ubao lazima urudi. Usiporudi, zima mota utumie mkono mpaka irekebishwe. Swichi ya ukutani iwe juu ya mita 1.5, mahali ambapo anayebonyeza anauona mlango.

6. Rimoti ni ufunguo

Kuna rimoti zinazotuma namba ile ile siku zote, na kuna zinazobadilisha namba kila unapobonyeza. Za kwanza hunakiliwa kirahisi na vifaa vinavyouzwa mitaani. Chukua za pili. Kibarua akiondoka, futa rimoti yake kwenye mota siku hiyo hiyo. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari linalolala nje.

Kabla fundi hajaondoka

Usimlipe mpaka umezima swichi kuu ya nyumba, ukatoka nje, na ukaufungua mlango mwenyewe bila msaada wake. Rudia na mke, mume au mdogo wako, kwa sababu siku ya tukio huenda wewe haupo.

Yule kijana wa nyanya alitoboa ukuta akaweka mlango mdogo wa pembeni. Mota ni ile ile hadi leo. Nami kila ninapomwelekeza mkulima kwa fundi, swali langu la kwanza limekuwa ni hilo la umeme kukatika.

Kazi njema, na mzigo uwahi sokoni.