Kompyuta Si ya Wenye Hesabu Pekee

Wengi wetu hufikiri kuandika programu, yaani maagizo ya kuendesha kompyuta, ni kazi ya wenye vichwa vya hesabu tu. Sivyo. Zamani mwanafunzi wa chuo kikuu alitoboa maagizo yake kwenye kadi, akazipeleka, akangoja majibu kwa masaa. Kosa dogo tu, anaanza tena! Hapo ni rahisi kukata tamaa.

Mwaka 1964 walimu wawili wa chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walileta BASIC, lugha ya kompyuta yenye maneno machache mepesi. Kompyuta moja ilihudumia wanafunzi wengi kwa zamu za haraka. Ukikosea unaambiwa papo hapo, unasahihisha. Hata wasiosomea hesabu waliweza.

Basi ndugu, mtoto akishindwa tusimwite mjinga. Kwanza tuangalie anavyofundishwa.