Sangari si Mzizi: Lijue Gugu Kabla ya Kuinua Jembe

Mkulima wa Kericho au Bomet akishapogoa chai yake, anajua kitakachofuata. Kwa miaka mitatu au minne majani yalikuwa yamefunika udongo, na chini yake ni kivuli kitupu. Sasa jua linafika chini na magugu yanaamka. Anaita vibarua, wanalima kwa nguvu, shamba linang'aa. Mvua inanyesha, na baada ya wiki chache sangari imerudi kuliko mwanzo. Pesa zimekwenda, na chai nayo imeumia.

Sababu iko chini ya ardhi. Hebu chimbua ule uzi mweupe wa sangari, uuoshe, uutazame vizuri. Watu huuita mzizi, lakini una vifundo, na penye kifundo pana jicho, kama lile la kiazi cha mviringo. Mzizi wa kweli, kama wa mahindi, hauna vifundo hivyo. Basi hili ni shina, ila linatembea chini ya udongo na limebeba akiba ya chakula. Ng'ombe ale majani, moto upite, kiangazi kikaushe kila kitu juu, shina hilo linabaki hai. Ukilikatakata kwa jembe, kila kipande chenye jicho kinaweza kuota. Yaani umelipa kibarua akupandie sangari!

Afadhali jembe la meno, linaloinua shina likiwa refu. Okota vipande kwa mkono, uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Kazi hii ifanywe kabla ya kupanda miche. Kwenye chai iliyokomaa usichimbe sana, kwa maana mizizi yake mingi inayokula mbolea iko karibu na uso wa udongo.

Lakini si kila kinachofanana na nyasi ni nyasi. Chukua ndago, uzungushe shina lake kwa vidole. Utasikia pembe tatu, na halina vifundo. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo na lina vifundo. Ndiyo maana wataalamu wameiweka ndago katika jamii yake yenyewe. Chini ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Ukivuta juu, uzi unakatika na viazi vinabaki.

Kuna pia lile gugu la majani matatu matatu na maua ya waridi, ambalo watoto hutafuna kwa sababu ya uchachu. Lilitoka Amerika. Hilo huficha kitunguu kilichozungukwa na vitunguu vidogo vingi, na jembe huvitawanya shamba zima. Ling'oe likiwa changa, kabla hivyo vidogo havijatokea.

Kishona nguo ndicho chepesi. Hakina akiba chini, tegemeo lake ni mbegu zenye miiba zinazopanda suruali yako bila nauli. Ni jamaa ya alizeti: unachoita ua moja ni vijiua vingi vilivyobanana. Kiondoe kabla hakijakomaza mbegu.

Carl von Linné, yule Mswidi aliyeipa chai jina la kisayansi mwaka 1753, alipanga mimea kwa kuhesabu sehemu za ua. Mkulima hawezi kungoja ua, lakini vidole vyake vinatosha.

Na dawa je? Dawa inayochoma majani tu haifiki kwenye shina la sangari. Ile inayosafiri ndani ya mmea hufika, ikinyunyizwa majani yakiwa mabichi na yanakua. Lakini haichagui, ikidondokea chai changa, nayo itaungua. Muulize kwanza afisa wa kilimo wa kiwanda chako.

Jambo moja wengi hulipuuza ni matawi yaliyopogolewa. Kina mama huyabeba yote yakawe kuni, na udongo unabaki uchi. Yale mazito yaende jikoni. Majani na vijiti vyembamba viachwe kati ya mistari, vitie kivuli mpaka chai ifunike tena.