Kupaka ukuta ndani ya nyumba ya kazi
Wewe fundi, nyumba yako ya kazi ina matofali mazuri, lakini ndani kuna matundu. Humo hukaa kimputu, yule kupe wa nyumbani. Usiku hutoka kumwuma mtoto anayelala kulinda vyombo vyako, akamletea homa inayorudi-rudi.

Basi ponda udongo wa kichuguu, uchanganye na mchanga na maji. Udongo peke yake hupasuka ukikauka, na kila ufa ni nyumba mpya ya kimputu. Jaribu kwanza mahali padogo. Ukipasuka, ongeza mchanga. Lowesha ukuta, ndipo upake. Sakafu nayo uizibe, uipige mpaka iwe ngumu. Ukuta ukikauka kabisa, paka chokaa: hata msumari ulioanguka utauona. Chokaa huunguza macho. Watoto wakae mbali unapoikoroga.