Kufundisha Umri wa Miamba: Funzo la Tabaka la KBS la Koobi Fora

Utangulizi

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mwamba fulani una umri wa miaka milioni mbili hawezi kuipima kauli hiyo iwapo hajaelezwa jinsi umri huo ulivyopatikana. Akikariri tarakimu pekee, siku itakaporekebishwa atadhani kwamba sayansi ilimdanganya. Makala haya yanaeleza misingi ya kupima umri wa miamba, kisha yanatumia tabaka la majivu ya volkano la KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kuonesha kwamba historia ya tarakimu iliyosahihishwa hufundisha zaidi ya tarakimu yenyewe.

Umri linganishi na umri wa miaka

Umri linganishi hutokana na mpangilio wa matabaka: pale ambapo matabaka hayakuvurugwa, la chini ni kongwe kuliko la juu. Kanuni hii hueleza kipi kilitangulia, lakini haitaji miaka. Umri wa miaka hutokana na unururifu. Nusu ya atomi za potasiamu-40 hubadilika katika muda wa miaka bilioni 1.25, takribani moja katika kila kumi kati ya hizo huwa gesi ya agoni-40, na nyingine huwa kalisi-40. Mwamba unapoyeyuka, agoni iliyokuwamo hutoroka. Unapoganda, agoni mpya huanza kujilimbikiza. Kadiri agoni inavyokuwa nyingi ikilinganishwa na potasiamu iliyobaki, ndivyo mwamba ulivyo mkongwe.

Kaboni-14, inayotumika kwa mabaki ya viumbe, haifai kwa vipindi virefu hivyo. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730 hivi. Baada ya takribani miaka 50,000 kiasi kinachosalia ni kidogo mno kupimika. Kwa hiyo umri wa visukuku vya kale hukadiriwa kwa kupima majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Mwaka 1961, njia ya potasiamu na agoni iliyatambulisha matabaka ya Olduvai, Tanzania, yaliyohifadhi fuvu la zamadamu lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, kuwa na takribani miaka milioni 1.75.

Mjadala wa tabaka la KBS

Mwaka 1970, Fitch na Miller walitangaza kwamba tabaka la KBS lina umri wa miaka milioni 2.61. Miaka miwili baadaye, fuvu linalojulikana kwa namba 1470 lilipatikana chini ya tabaka hilo, nalo likahesabiwa kuwa kongwe zaidi ya hapo. Hata hivyo, visukuku vya nguruwe vya Koobi Fora vilifanana na vile vya bonde la Omo, ng'ambo ya mpaka nchini Ethiopia, ambako matabaka yenye nguruwe wa namna hiyo yalikuwa na umri wa miaka milioni mbili hivi. Ushahidi wa aina mbili ukapingana.

Vipimo vilirudiwa katika maabara mbalimbali na kwa njia zaidi ya moja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, umri uliokubalika ulikuwa takribani miaka milioni 1.9. Majivu yanaposombwa na maji huweza kuchanganyika na chembe za miamba mikongwe, na chembe hizo huuzidisha umri unaopimwa. Kipimo ni sahihi kwa kadiri ya usafi wa sampuli.

Maana kwa mitaala

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, umri linganishi ufundishwe kabla ya unururifu, kwani nguruwe wa Omo hawaeleweki bila mpangilio wa matabaka. Pili, kila umri uandikwe pamoja na kiwango chake cha mashaka, ili mwanafunzi azoee kuuona kuwa ni matokeo ya upimaji. Tatu, mitihani ibadilike. Badala ya kuuliza umri wa tabaka, mtahiniwa apewe kipimo cha milioni 2.61 pamoja na ushahidi wa nguruwe, kisha aeleze kipi kikaguliwe na kwa njia gani.

Hitimisho

Eneo hili lina matabaka yaliyosaidia ulimwengu kuusoma wakati wa kale. Mtaala unaowapa vijana tarakimu za matabaka hayo bila njia ya kuzihoji huwaacha wategemee kauli ya mwalimu, ilhali ushahidi wenyewe umo katika ardhi yao.