Boriti Juu ya Vichwa Vyetu

Ashukaye Feri akaendelea hadi Mji wa Kale hukuta nyumba za mawe ambazo dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliompa fundi kipimo. Leo twamkumbuka mkataji.

Mkata boriti, hasa wa Lamu, hufuata maji: huingia mikokoni kwa chombo yakijaa, hukata kwa shoka yakipwa, miguu ikizama topeni, kisha hungoja yajae tena apate kupakia. Miti hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mara nyingi mwenye leseni ni mwengine. Mkataji hulipwa kwa alichokata.

Mwaka 1982 Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Februari 2018 ikasimamisha ukataji misituni. Mikoko hulea samaki na kuzuia mmomonyoko, hivyo kuihifadhi ni wajibu. Lakini aishiye kwa shoka hana akiba ya kungojea, na wa kwanza kulijua hilo ni mama aliye jikoni.

Mtume wetu (S.A.W.) alimsifu atafutaye kuni kwa kamba yake kuliko aombaye watu. Basi tukinunua boriti za kukarabati nyumba zetu, tuulize leseni, na tusimpunje aliyezikata.