RAY CHARLES: JINSI ALIVYOIPATA SAUTI YAKE MWENYEWE

Katika bweni lolote hakosekani kijana awezaye kuiga sauti ya mwimbaji mashuhuri. Akiimba, wenzake humsifu wakisema, "Huyu ni yule yule hasa!" Sifa hiyo ni tamu, lakini ina mwiba ndani yake. Nataka kuuonyesha mwiba huo kwa kueleza mwanzo wa kazi ya Bwana Ray Charles, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa alisifiwa sifa hiyo hiyo. Ilimpa chakula, lakini ilimnyima jina.

Kwanza yafaa tufahamu muziki wenyewe. Bluzi ni nyimbo zilizoanza miongoni mwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, watu waliofanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Wengi wao walipohamia mijini, bluzi ilihama pamoja nao. Huko ikaongezewa ngoma nzito, gitaa la umeme na saksafoni, ikawa muziki wa kuchezea dansi. Wakati huo sahani za santuri za watu weusi ziliorodheshwa mbali na nyingine, chini ya jina lililotaja rangi yao. Mwezi wa Juni 1949 gazeti la Billboard, liandikalo habari za biashara ya muziki, liliacha jina hilo na kuuita muziki huo rithimu na bluzi. Aliyelipendekeza jina jipya ni mwandishi mmoja wa gazeti hilo aitwaye Jerry Wexler. Msomaji na alikumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Ray Charles Robinson, maana hilo ndilo jina lake kamili, alizaliwa tarehe 23 Septemba 1930 katika mji wa Albany, jimbo la Georgia. Alilelewa Greenville, mji mdogo wa jimbo la Florida. Mama yake, Bibi Aretha, alikuwa maskini, akifua nguo za watu ili apate riziki. Karibu na nyumba yao palikuwa na duka la Bwana Wylie Pitman, na ndani ya duka mlikuwa na piano. Mtoto Ray akisikia piano inapigwa huacha mchezo na kukimbilia dukani. Bwana Pitman hakumfukuza. Alimketisha karibu naye, akamwonyesha jinsi ya kutoa lahani kwa kidole kimoja.

Kisha mikosi ilifuatana. Ray alipokuwa na umri wa kama miaka 5, mdogo wake George alizama katika beseni kubwa la kufulia nguo. Ray alijaribu kumvuta, lakini nguvu zake hazikutosha. Muda si mrefu macho yake mwenyewe yakaanza kufifia, na alipofika umri wa miaka 7 alikuwa haoni kabisa. Mama yake hakumdekeza. Alimtuma kuteka maji na kupasua kuni kama mtoto mwingine yeyote. Majirani walimlaumu, wakimwona hana huruma, naye akashikilia kwamba mwanawe amepoteza macho, hakupoteza akili.

Mwaka 1937 alipelekwa katika shule ya bweni ya viziwi na vipofu iliyokuwa mali ya serikali ya jimbo, katika mji wa St. Augustine. Siku zile sheria za Florida ziliwatenga watu weusi na weupe, na shule hiyo nayo ilifuata sheria hizo. Basi watoto wasioweza kuona rangi yoyote walitenganishwa kwa sababu ya rangi.

Hata hivyo, alijifunza mengi huko, na hapa ningependa wasomaji watue kidogo. Mtu aonaye hutazama karatasi ya muziki huku mikono yake yote miwili ikipiga piano. Asiyeona husoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu, kwa hiyo hawezi kusoma na kupiga kwa mikono miwili pamoja. Husoma vipande vichache kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga. Kisha hubadili mikono. Baada ya kuzikariri sehemu zote mbili ndipo huziunganisha. Kwa njia hiyo Ray alijifunza kazi za akina Bach, Mozart na Beethoven. Alizoea kubeba muziki mzima kichwani, hata akaweza kumtajia mtu mwingine noti za kila chombo, tarumbeta hivi na saksafoni vile, naye mtu huyo akaziandika. Baadaye, alipokuwa na bendi yake, elimu hiyo ilimfaa kuliko fedha.

Mwaka 1945, Ray akiwa na miaka 14, mama yake alifariki. Mwaka huo huo aliacha shule akaenda Jacksonville, mji mkubwa wa Florida, kutafuta kazi ya kupiga piano. Baadaye alihamia Orlando, kisha Tampa. Kazi hazikuwa za kudumu, na mara nyingi alilala na njaa. Alipiga kila muziki aliotakiwa kuupiga. Huko Tampa alipiga hata katika bendi ya watu weupe waliocheza nyimbo za mashamba, ingawa desturi za wakati ule hazikupenda watu wa rangi mbili kuchanganyika.

Mwezi wa Machi 1948 alimwomba rafiki yake, mpiga gitaa Gossie McKee, amtafutie katika ramani mji mkubwa ulio mbali kabisa na Florida. Rafiki akamtajia Seattle, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Ray akapanda basi akavuka nchi nzima. Alikuwa na umri wa miaka 17, yaani umri wetu sisi wa Kidato cha Nne. Hakuwa na wazazi wala macho, na huko aendako hapakuwa na ndugu wa kumpokea.

Seattle alipata kazi upesi, na hapa ndipo tunafika kwenye ule mwiba. Wakati huo waimbaji wawili walipendwa mno, Nat King Cole na Charles Brown. Wote wawili walipiga piano na kuimba kwa sauti laini ya taratibu. Ray aliwaiga kwa bidii, pumzi kwa pumzi. Wenye vilabu walifurahi, kwa kuwa wateja wao walipata ladha ya Nat King Cole kwa bei nafuu. Mwaka 1949 yeye na wenzake wawili walitoa sahani iitwayo "Confession Blues", nayo ikafika nafasi ya 2 katika orodha ya Billboard ya muziki wa weusi. Mwaka 1951 alitoa nyingine iliyopendwa, "Baby, Let Me Hold Your Hand". Alizunguka na bendi ya mpiga gitaa Lowell Fulson, akawa kiongozi wa muziki wao. Alifupisha hata jina lake, akaacha kutumia Robinson, kwa sababu wakati huo bondia Sugar Ray Robinson alikuwa akijulikana kila mahali.

Ila Ray mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jambo moja lilimtia wasiwasi. Watu walikuwa wakimwambia kwamba anaimba sawasawa na Nat Cole, lakini wengi hawakujua yeye anaitwa nani. Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo akija, aliyeazima hubaki uchi. Aliamua kuivua. Uamuzi huo haukuwa rahisi, maana sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na hakujua kama watu wangeipenda sauti yake mwenyewe.

Mwaka 1952 kampuni ya Atlantic ya New York ilinunua mkataba wake kwa dola 2,500. Mwaka uliofuata Jerry Wexler, yule yule aliyeupa muziki huu jina lake, alijiunga na kampuni hiyo. Yeye na mwenzake Ahmet Ertegun, mwana wa balozi wa Uturuki, walifanya jambo la busara: walimpa nafasi atafute njia yake, wala hawakumlazimisha kuendelea kuwaiga wengine.

Mwishoni mwa mwaka 1953 Ray alikuwa katika mji wa New Orleans. Huko alimsaidia mwimbaji aitwaye Guitar Slim kupanga na kurekodi wimbo "The Things That I Used to Do". Guitar Slim hakuwa na sauti laini hata kidogo. Aliimba kwa kupaza, kama mhubiri aliyeshikwa na roho. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1954, na Ray akaona kwamba sauti isiyosafishwa yaweza kugusa mioyo ya watu wengi. Mwaka huo huo aliunda bendi yake mwenyewe. Sasa aliweza kuchagua wapigaji na kuwapangia muziki kama alivyousikia kichwani.

Siku moja, wakiwa safarini kwa gari, Ray na mpiga tarumbeta wake Renald Richard walisikia katika redio wimbo wa dini wa kikundi cha Southern Tones. Wakauchukua mwendo wake, wakautungia maneno ya mapenzi. Novemba 1954 Ray aliwaita Wexler na Ertegun waje Atlanta wausikilize, na tarehe 18 ya mwezi huo ukarekodiwa katika kituo cha redio cha mji huo. Wimbo huo ni "I Got a Woman". Mwaka 1955 ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya rithimu na bluzi. Mtu yeyote aliyeusikia hakusema tena kwamba huyu ni Nat Cole.

Sauti hiyo aliitoa wapi? Aliitoa kanisani Greenville, alikokwenda utotoni. Huko kiongozi huimba na waumini huitikia, na sauti hupanda mpaka ikawa kilio. Alikuwa nayo tangu mwanzo, na miaka yote ile aliificha chini ya sauti za wengine.

Wengine hawakufurahi. Wahubiri waliona kwamba ameichukua mali ya Mungu akaipeleka kwenye dansi. Hata Big Bill Broonzy, mwimbaji mkongwe wa bluzi, alilalamika kwamba Ray anachanganya bluzi na nyimbo za dini. Nadhani hata kwetu wapo wazee ambao wangeshika vichwa kwa habari hii, nami sithubutu kuwabeza, kwa maana kitu kinachoheshimiwa kina haki ya kulindwa. Ray alijibu kwamba hiyo ndiyo sauti aliyozaliwa nayo, hakuwa na nyingine ya kweli. Wasomaji na wazazi wapime wenyewe.

Wala nisiwafiche jambo moja. Tangu ujana wake Ray alitumia dawa ya kulevya iitwayo heroini, ikamfunga kwa karibu miaka 17. Alikamatwa mjini Boston mwaka 1964, na mwaka 1965 akaingia hospitali akaiacha. Asije mtu akafikiri kwamba dawa ile ilimpa kipaji. Kipaji kilikuwapo tangu dukani kwa Bwana Pitman.

Je, twaweza kujifunza nini? Wengine watasema kuiga ni vibaya. Mimi sioni hivyo. Mshairi chipukizi huanza kwa kufuata bahari na vina vya waliomtangulia, na fundi seremala huanza kwa kunakili kiti cha mwalimu wake. Kuiga kulimfundisha Ray Charles kazi, kama vile nukta nundu zilivyomfundisha kusoma. Hasara iko kwa mtu anayebaki hapo hapo kwa kuwa panampa sifa na chakula. Wengi wetu tutaondoka shuleni mwaka huu tukiwa tumekariri mengi ya watu wengine. Hayo ni akiba njema. Lakini Ray alipofika Seattle akiwa na miaka 17 alikuwa na akiba kama hiyo, na ilimchukua miaka 6 mingine ya kazi, safari na mashaka kabla hajathubutu kusema lililo lake. Basi asiyeisikia sauti yake mapema asikate tamaa, ila asiache kuitafuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne