Vyombo vya Usalama Katika Magari ya Kisasa: Uwezo na Mipaka Yake

Magari mengi yanayoshushwa siku hizi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yana vyombo ambavyo havikuwamo katika magari ya kizazi kilichopita. Gari huweza kukaza na kulegeza breki lenyewe ili magurudumu yasikwame. Huweza kukaza breki ya gurudumu moja tu ili lisiserereke. Mengine hupiga breki hata kabla dereva hajainua mguu. Sehemu kubwa ya magari hayo ni mitumba kutoka Japani, na mara nyingi maonyo yanayotokea mbele ya dereva, pamoja na kitabu cha maelezo, yameandikwa kwa Kijapani. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wanaendesha chombo wasichokifahamu.

Kutofahamu huko si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Vyombo tunavyovizungumzia vinaweza kuokoa maisha, lakini kwa sharti kwamba anayevitumia anajua vinafanya nini na haviwezi kufanya nini. Kanuni inayotuongoza katika makala haya ni moja: hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kinachoongeza msuguano uliopo kati ya tairi na barabara. Kazi yake ni kuutumia vema ule uliopo.

VIGANJA VINNE VYA MPIRA

Hebu tuanze na hesabu nyepesi. Gari lenye tungamo la kilo 1,200 hukandamiza barabara kwa kani ya niutoni 12,000 hivi. Kanieneo ya hewa ndani ya matairi yake, yaani presha, ni kama niutoni 220,000 kwa kila mita ya mraba. Tukigawanya kani kwa kanieneo, tunapata eneo la mita za mraba 0.055, yaani sentimita za mraba 545 hivi. Kila tairi basi hugusa barabara kwa sentimita za mraba zipatazo 136, eneo linalokaribia lile la mkono wa mtu mzima uliokunjuliwa. Haya ni makisio tu, lakini yanatuonyesha ukweli wa mambo: gari zima, pamoja na abiria wake, hushikiliwa na viganja vinne vya mpira. Kuongeza mwendo, kukata kona na kusimama, yote hutegemea hapo.

Wanafunzi wanaweza kuuchunguza msuguano huo darasani. Chukua kipande cha mbao, ukivishe upande mmoja mpira wa tyubu ya baiskeli, ukiweke mezani kisha ukivute polepole kwa mizani ya springi. Soma mizani kabla tu kipande hakijaanza kusogea, kisha usome tena kinapokuwa kinateleza. Mara nyingi utaona kwamba kani ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Rudia jaribio juu ya meza iliyolowa maji, kisha juu ya meza iliyonyunyizwa mchanga. Tofauti utakazoandika ndizo zinazotenganisha lami kavu, lami yenye mvua na barabara ya changarawe.

UMBALI WA KUSIMAMA

Umbali unaotumika kusimamisha gari una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni umbali ambao gari hupita wakati dereva anatambua hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Sehemu ya pili ni umbali wa breki zenyewe, ambao hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kiwango cha kupungua kwa mwendo. Tukichukua nafasi ya sekunde 1.5 kwa dereva kutenda, na upungufu wa mwendo wa mita 7 kwa sekunde kwa kila sekunde katika lami kavu, tunapata hivi:

Kasi ya kilomita 50 kwa saa: mita 21 za kutambua na mita 14 za breki, jumla mita 35.
Kasi ya kilomita 80 kwa saa: mita 33 za kutambua na mita 35 za breki, jumla mita 68.
Kasi ya kilomita 100 kwa saa: mita 42 za kutambua na mita 55 za breki, jumla mita 97.

Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka 50 hadi 100, umbali wa breki huongezeka mara nne. Tena, mvua ikipunguza kiwango kile kutoka 7 hadi 4, gari lililo katika kilomita 80 kwa saa litahitaji mita 62 za breki badala ya 35. Hesabu hizi hazibadiliki kwa sababu gari ni jipya au la bei kubwa.

BREKI ZISIZOKWAMISHA MAGURUDUMU

Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu zote katika gari la zamani, magurudumu huweza kukwama, yaani huacha kuzunguka huku gari likiendelea kuteleza. Hapo hutokea madhara mawili. Kwanza, katika lami, tairi linaloteleza kabisa hushika barabara kwa nguvu ndogo kuliko tairi ambalo bado linazunguka. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tairi lililokwama haliwezi kuligeuza gari. Dereva hukata usukani, na gari huendelea kwenda mbele vilevile.

Wazo la kuzuia hali hiyo lilianza katika ndege. Mwaka 1966 gari la Kiingereza liitwalo Jensen FF lilitolewa likiwa na mtambo wa namna hiyo uliotokana na breki za ndege, na mwaka 1978 kampuni za Bosch na Mercedes-Benz zilitoa mtambo unaoongozwa na elektroniki. Mtambo huo ndio unaojulikana kwa herufi ABS.

Namna unavyofanya kazi ni somo zuri la sumaku-umeme. Katika mitambo mingi kila gurudumu lina pete ya chuma yenye meno, na kando yake kuna kihisio, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, chenye sumaku na waya uliosokotwa. Kila jino linapopita hubadili uga wa sumaku, na mabadiliko hayo huzaa umeme katika waya, kama alivyogundua Michael Faraday mwaka 1831. Tuchukue mfano wa pete yenye meno 48 katika gurudumu lenye mzingo wa mita 1.9. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, mipigo ya umeme itakuwa 560 hivi kwa kila sekunde. Kompyuta ndogo huihesabu mipigo hiyo. Ikiona kwamba mipigo ya gurudumu moja imepungua ghafla kuliko ya mengine, hutambua kuwa gurudumu hilo linakaribia kukwama, na hufungua vali ili kupunguza nguvu ya breki hapo. Gurudumu likirudi kuzunguka, breki hukazwa tena. Jambo hilo hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja, kwa wepesi ambao hakuna mguu wa mwanadamu unaoweza kuufikia.

Hapa ndipo mafunzo ya zamani yanapohitaji kurekebishwa. Dereva wa gari lisilo na mtambo huu alifundishwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Katika gari lenye ABS kufanya hivyo ni kuvuruga kazi ya mtambo. Panapotokea hatari, kanyaga kwa nguvu, shikilia bila kuachia, na uelekeze usukani penye nafasi. Kanyagio litatetemeka chini ya mguu na sauti ya kugonga itasikika. Huo si ubovu, wala si sababu ya kuinua mguu. Ndiyo dalili kwamba mtambo unafanya kazi.

Mpaka wake pia ujulikane. Katika changarawe na mchanga, gurudumu lililokwama hukusanya kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kulizuia gari. Gurudumu linaloendelea kuzunguka hupita juu yake. Kwa hiyo katika barabara ya changarawe gari lenye ABS linaweza kusimama mbali zaidi kuliko lisilo nayo, ingawa usukani wake utaendelea kutii. Dawa ya jambo hili ni kupunguza mwendo mapema.

KULINDA UTHABITI

Mwaka 1995 ulitolewa mtambo wa pili uliojengwa juu ya ule wa kwanza. Kihisio kimoja hupima pembe ya usukani, yaani mahali dereva anapotaka kwenda. Kingine hupima jinsi gari linavyozunguka kwa kweli. Viwili hivyo visipopatana, kompyuta hukaza breki ya gurudumu moja na huweza kupunguza nguvu ya injini, mpaka gari lirudi katika njia yake. Mwaka 1997 gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka nchini Sweden katika jaribio la kukwepa kizuizi ghafla, na baada ya hapo kampuni iliuweka mtambo huu katika magari yote ya aina hiyo. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa mtambo huu hupunguza kwa takriban nusu ajali za vifo zinazohusu gari moja peke yake.

MACHO YA RADA NA KAMERA

Kundi la tatu ni vyombo vinavyotazama mbele. Rada hutuma mawimbi ya redio, na mwangwi wake hurudi kutoka kwenye kitu kilicho mbele. Kutoka mita 60 mwangwi hurejea katika muda wa sehemu 4 za milioni 10 za sekunde. Mabadiliko ya marudio ya mawimbi hayo, ambayo yalielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, huonyesha kasi ya kitu hicho. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele husaidia kutambua mtu, gari au mstari wa barabara. Gari likikisia kuwa mgongano u karibu, humwonya dereva, na asipotenda hupiga breki lenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya chombo hiki ni cha lazima katika magari yote mapya tangu Julai 2024.

Hata pale chombo kisipoweza kuzuia mgongano, faida yake ni kubwa. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Kasi ikishushwa kutoka kilomita 60 hadi 40 kwa saa kabla ya kugonga, nishati hupungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini macho hayo yanaweza kupofushwa. Tope likiifunika rada, vumbi likitanda, au mistari ya barabara ikiwa imefutika, chombo hakina cha kutazama. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera hupaswa kuelekezwa upya kwa vipimo. Fundi akiacha kufanya hivyo, kamera huweza kuona hatari mahali isipokuwapo, au isiione mahali ilipo.

MATUMIZI HUTEGEMEA DEREVA

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jaribio mashuhuri lilifanyika mjini Munich, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Sehemu moja ya teksi za kampuni moja ilikuwa na ABS na sehemu nyingine haikuwa nayo. Ilitazamiwa kwamba teksi zenye mtambo zingepata ajali chache. Haikuwa hivyo: idadi ya ajali haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Uchunguzi ulionyesha kuwa madereva wenye mtambo waliendesha kwa kuthubutu zaidi. Usalama waliopewa waliutumia kununua mwendo.

Mei 2016, katika jimbo la Florida, Marekani, gari la Tesla lililokuwa likitumia mtambo wa kujiendesha kwa sehemu liligonga tela la lori lililokuwa likikata barabara, na dereva wake akafa. Wachunguzi wa taifa walieleza mwaka 2017 kwamba dereva wa lori hakutoa nafasi, na kwamba dereva wa gari aliutegemea mno mtambo wake. Chombo cha kumsaidia dereva hakikuundwa kuchukua nafasi ya dereva.

Anayenunua au kuendesha gari lenye vyombo hivi na azingatie yafuatayo:

1. Ufunguo unapowashwa, taa yenye herufi ABS inapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha izimike. Ikibaki imewaka, mtambo haufanyi kazi, ingawa kwa kawaida breki zenyewe bado zipo. Isipowaka kabisa, muulize fundi, kwani huenda imeondolewa ili kuficha ubovu. Taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeachiwa, simama.

2. Taa yenye picha ya gari linaloserereka ikimetameta, mtambo wa uthabiti unafanya kazi: barabara inateleza, punguza mwendo. Ikibaki imewaka, umezimwa au una hitilafu.

3. Matairi yote manne yawe ya kipimo kinachotakiwa na yasiwe vipara. Kompyuta hulinganisha mizunguko ya magurudumu, na matairi yasiyolingana huipotosha.

4. Maandishi ya Kijapani yasiyoeleweka yatafsiriwe kabla ya safari. Onyo lisilosomeka si onyo.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Gari linakwenda kilomita 90 kwa saa. Dereva anatumia sekunde 1 kutenda, na breki hupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Tafuta umbali wote wa kusimama.

2. Eleza kwa nini ABS haiwezi kufupisha umbali wa kutambua hatari.

3. Dereva mmoja asema, "Gari langu lina vyombo vyote vya usalama, kwa hiyo naweza kwenda mbio wakati wa mvua." Mjibu kwa kutumia matokeo ya jaribio la kipande cha mbao.